Kati ya Okonkwo na Ridhaa, ni nani hasa aliye dhaifu?

Majuzi nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wanaosomea fasihi linganishi. Swali nililowapa lilionekana jepesi: walinganishe Okonkwo na Ridhaa, wanaume wawili waliopoteza makao yao. Katika insha ya saba au ya nane hivi nikakumbana na sentensi iliyonifanya nivue miwani. Mwanafunzi aliandika kwamba Okonkwo ana nguvu kwa sababu halii, ilhali Ridhaa ni dhaifu kwa sababu analialia. Nukta. Aya mpya.

Kalamu nyekundu ilikuwa imekwisha kushuka karatasini. Nikaizuia. Sentensi ile niliijua. Ilikuwa yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mwalimu chipukizi katika shule moja ya upili ya wavulana, nilikuwa na mazoea ya kuugawa ubao kwa mstari wa chaki. Upande wa kushoto niliandika: Okonkwo, jasiri, mkakamavu, mwenye bidii. Upande wa kulia: Unoka babake, mvivu, mwoga, mwenye madeni. Wavulana wakanakili neno kwa neno, wakakariri, wakapita mtihani. Hao leo ni akina baba, na baadhi yao wana wajukuu. Nani ajuaye ni wangapi waliobeba ule mstari wa chaki hadi nyumbani kwao? Kwa hivyo makala ya leo, msomaji mpendwa, ni ya kulipa deni.

Kwa asiyewajua wahusika hawa, niwatambulishe kwa ufupi. Okonkwo ni mhusika mkuu wa Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe iliyochapishwa mwaka 1958. Clement Ndulute aliitafsiri kwa Kiswahili na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 1973 kwa jina Shujaa Okonkwo. Litazame hilo jina. Achebe aliita kitabu chake kwa maneno yanayosema kwamba mambo yanasambaratika. Msomaji wa Kiswahili anakaribishwa na neno "shujaa" kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Simlaumu mfasiri, kwani Okonkwo ni shujaa kweli machoni pa wanakijiji wake. Nasema tu kwamba wengi wetu tuliingia katika riwaya hiyo tukiwa tumeshaamua.

Ridhaa naye ni daktari katika Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyoshika nafasi ya Kidagaa Kimemwozea kama kitabu cha lazima katika shule zetu za sekondari. Nchi inayosimuliwa inaitwa Wahafidhina. Uchaguzi unafanyika, mwanamke anayeitwa Mwekevu anashinda, na vurugu zinazuka. Nyumba ya Ridhaa inateketezwa. Mkewe Terry, bintiye Tila, mke wa mwanawe pamoja na mjukuu wake wanaangamia motoni. Anayenyoshewa kidole ni Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi. Msomaji wa Kenya aliyeishi mwaka 2008 hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi tuwaweke wawili hawa bega kwa bega. Tuanze utotoni, maana hapo ndipo waandishi wote wawili walipoficha ufunguo.

Okonkwo akiwa mtoto, mwenzake wa kucheza naye alimwambia kwamba babake ni agbala. Katika lugha ya Kiigbo neno hilo humaanisha mwanamke, na pia humaanisha mwanamume asiye na cheo chochote. Okonkwo hakulijua hilo kabla ya siku ile. Jeraha likaingia. Achebe haonyeshi mtoto huyo akilipeleka kwa mtu yeyote. Hakumwendea mama, wala hakumuuliza baba. Alilimeza. Likakaa tumboni, likaota mizizi, likawa kanuni ya maisha: kila alichopenda Unoka, yeye akichukie. Unoka alipenda zumari na upole, hivyo muziki na upole vikawa adui.

Ridhaa pia alichomwa na maneno ya watoto wenzake. Wazazi wake walihamia Msitu wa Heri, na huko shuleni akatengwa kama mgeni aliyekuja kuwapokonya wenyeji nafasi. Alifanya nini? Alirudi nyumbani, akalia. Mamake akamtuliza, kisha akaandamana naye hadi shuleni kuzungumza na mwalimu. Mambo yakarekebika kiasi, mtoto akasoma hadi akawa daktari.

Umeona? Jeraha ni lile lile, umri unakaribiana, na hata mahali ni pale pale, yaani uwanja wa michezo ya watoto. Tofauti ni moja tu. Mmoja alikuwa na mahali pa kulipeleka chozi lake na akalipeleka. Mwingine alijifunza kwamba chozi ni siri.

Wanafunzi wetu hufunzwa kupanga sifa za wahusika kama bidhaa dukani: huyu jasiri, yule mwoga, huyu mwenye huruma. Mtindo huo hufaa kwa wahusika bapa, wale wasiobadilika tangu mwanzo wa hadithi hadi mwisho. Okonkwo ni mhusika duara. Kumwita jasiri na kuishia hapo ni sawa na kulisifu gari kwa rangi yake bila kufungua boneti. Achebe mwenyewe anatufungulia boneti mapema sana: anatuambia kwamba maisha ya Okonkwo yalitawaliwa na hofu. Haikuwa hofu ya chui wala ya vita. Aliogopa kuonekana dhaifu.

Hebu tuitazame hofu hiyo ikifanya kazi. Kwa miaka mitatu kijana Ikemefuna aliishi nyumbani kwa Okonkwo na kumwita baba. Ukoo unapoamua kwamba kijana auawe, Mzee Ezeudu, aliyekuwa shujaa wa vita enzi zake, anakuja kumwonya Okonkwo asitie mkono katika kifo hicho. Okonkwo hasikii. Msituni, kijana anapomkimbilia akitaka kuokolewa, ni panga la Okonkwo linalommaliza. Na sababu anayoitoa mwandishi si chuki wala utiifu. Okonkwo aliogopa kudhaniwa mnyonge.

Kisha anarudi nyumbani, na kwa siku mbili hali chakula. Anakunywa tu. Anajisuta moyoni kwa kutetemeka kama kikongwe. Mtu anayemlilia mwanawe bila kutoa machozi, hivyo ndivyo anavyokuwa. Huzuni ipo, tena nzito, ila imefungiwa nje ya mlango wa macho, nayo inatafuta tundu jingine la kutokea.

Wala tusimfanye Okonkwo jiwe. Usiku ule kuhani Chielo anapombeba mtoto Ezinma kwenda pangoni, Ekwefi mamake mtoto anafuata gizani. Okonkwo anajifanya hajali. Baadaye tunagundua kwamba alishaenda pangoni mara kadhaa usiku huo huo, akiwa na panga lake, amejaa wasiwasi. Huyu ni baba anayempenda mtoto wake hadi usingizi unamhepa. Lakini sharti aende kwa siri, mtu asimwone akipenda. Nikiisoma sehemu hiyo sasa, nikiwa babu, humwonea huruma kuliko nilivyomwonea fahari nikiwa kijana.

Wapo watakaosema, na wanafunzi wangu husema kila mwaka: "Prof, usimhukumu Okonkwo. Ni jamii yake iliyomfanya hivyo." Hoja hii ina uzito, lakini kitabu chenyewe kinaikataa. Umuofia imejaa wanaume wenye nguvu ambao hawakuwa na haja ya kujifanya jiwe. Ezeudu nimekwisha kumtaja. Obierika, rafiki wa dhati, alikataa kwenda kumuua Ikemefuna na bado anaheshimika. Na kuna kisa kifupi ambacho wengi hukiruka, cha Mzee Ndulue. Huyu alikuwa shujaa wa vita, na hakuwa akifanya jambo bila kumshirikisha mkewe Ozoemena. Walikufa siku moja. Okonkwo anapokisikia kisa hicho anashangaa, kwani alidhani Ndulue alikuwa mwanamume mwenye nguvu ujanani mwake. Wenzake wanamthibitishia kwamba ndiyo, alikuwa nazo. Okonkwo haelewi nguvu na upole vilikaaje nyumba moja.

Kwa hivyo jamii haikumwambia Okonkwo awe vile. Alijiambia mwenyewe, kwa sauti ya mtoto aliyejeruhiwa uwanjani.

Sasa nije kwa Unoka, yule niliyemfungia upande wa kulia wa ubao. Kuna mwaka Okonkwo, akiwa kijana asiyerithi kitu, alikopa mbegu za viazi vikuu, 800 kutoka kwa tajiri Nwakibie. Mwaka huo ukawa wa laana. Jua likaunguza, kisha mvua ikafurika, mavuno yakaoza. Mkulima mmoja akashindwa kuvumilia, akajitoa uhai mtini. Achebe analitaja hilo kwa sentensi moja tu na kuendelea na safari. Unoka, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa, akamwita mwanawe, akamfariji. Kwa maneno yangu, alimwambia hivi: moyo wenye fahari unaweza kuhimili hasara inayompata kila mtu, kwa sababu hasara ya wote haiumizi fahari yake. Kibarua kigumu ni mtu anaposhindwa peke yake.

Okonkwo hakuyathamini maneno hayo. Alichoka kuyasikiliza. Baadaye akajigamba moyoni kwamba, kwa kuwa alipona mwaka ule, atapona chochote. Alidhani kilichomwokoa ni ugumu wa moyo wake.

Rukeni sasa hadi mwisho wa kitabu. Okonkwo amerudi kutoka uhamishoni Mbanta alikokaa miaka saba. Viongozi wa Umuofia wamefungwa, wamenyolewa, wamechapwa viboko. Watu wamekusanyika kujadiliana. Tarishi wa Mzungu anafika kuuvunja mkutano, na Okonkwo anamkata kichwa. Matarishi wengine wanatoroka, na hakuna anayewazuia. Anasikia watu wakiuliza kwa nini amefanya vile. Hapo anatambua kwamba Umuofia haitapigana. Ameshindwa, na safari hii ameshindwa peke yake.

Yule baba "dhaifu" alikuwa ameutabiri ugonjwa wa mwanawe miaka mingi kabla. Nguvu ambazo Okonkwo aliziamini zilifaa kwa mwaka wa njaa ya wote. Kwa siku ya upweke hazikufaa kitu. Akaishia mtini kama yule mkulima wa mwaka wa laana. Na kwa kuwa kujiua ni chukizo kwa mila, watu wa ukoo wake hawawezi kumgusa. Lazima wageni waitwe wamzike. Unoka naye alikuwa amebebwa kupelekwa Msitu Mwovu akafie huko, kwa sababu ya maradhi yake. Mtoto aliyetumia maisha yake yote kumkimbia babake, naye alinyimwa kaburi na mikono ya nduguze.

Turudi kwa Ridhaa wetu. Tunapokutana naye amesimama kwenye kilichokuwa makao yake, na analia. Hajifichi. Mwanamume mzima, daktari, mtu wa hadhi, amebakia na majivu na kumbukumbu. Kwa kipimo cha ubao wangu wa zamani, huyu angeandikwa upande wa kulia bila swali.

Lakini fuatilia anachofanya baada ya hapo. Anakaa kambini na wengine waliong'olewa kwao, naye anasikia visa vya akina Kaizari ambao nao wamevurugikiwa. Msiba wake haupungui kwa kusikia ya wenzake, ila unapata majirani. Kisha anampokea mwanawe Mwangeka, aliyekuwa ng'ambo katika kikosi cha kudumisha amani. Fikiria mkutano huo. Mwana anarejea na hana mke, hana mtoto, hana mama, hana dada. Baba hana cha kumpa ila ukweli na mwili wake uliochoka. Wanaubeba msiba pamoja.

Linganisha na Okonkwo na Nwoye. Tangu utotoni Nwoye alipenda hadithi za mamake, lakini akajifunza kujifanya anapenda hadithi za vita ili babake asimkasirikie. Siku Ikemefuna alipouawa, kitu kilikatika ndani ya Nwoye, na babake hakuthubutu kukiuliza kwa kuwa na chake kilikuwa kimekatika. Hebu wazia iwapo usiku ule Okonkwo angemwambia mwanawe, "Hata mimi naumia." Maneno matatu tu! Pengine Nwoye asingekwenda kutafuta faraja kwa wageni, na pengine Okonkwo asingewakusanya wanawe waliosalia kuwatangazia kwamba Nwoye si ndugu yao tena. Baba na mwana walimlilia mtu mmoja, kila mtu chumbani kwake.

Mwangeka, kwa upande wake, anaoa tena. Anamwoa Apondi, naye mjane aliyefiwa, na pamoja wanamchukua Umu, msichana aliyeachwa bila wazazi, wakamlea kama wao. Ridhaa anaanzisha kituo cha afya na kukiita Mwanzo Mpya. Nyumba iliyoteketea inazaa mahali pa kutibu watu.

Hapa ninapaswa kuwa mwangalifu. Sisemi kwamba machozi ndiyo nguvu. Kuna watu hulia kila uchao na bado wanavunjika, na kuna watu wa kimya walio thabiti kama mwamba. Tena mtu anaweza kunikosoa kwamba Ridhaa ana elimu, ana taaluma, ana mwana aliye hai, wakati Okonkwo alikabiliwa na dola nzima ya kikoloni. Nakubali. Mizani haijalingana sawasawa. Lakini Okonkwo naye hakukosa watu. Obierika alimuuzia viazi vikuu alivyoacha na kumpelekea fedha uhamishoni. Mjomba wake Uchendu alimketisha mbele ya jamaa akamfunza kwamba mtu akipigwa na dunia hukimbilia kwao mamake, na kwamba yeye si wa kwanza kuteseka. Uchendu mwenyewe alikuwa amezika wake na watoto wengi. Ezinma alimwelewa bila kuambiwa. Mikono ilinyooshwa kila upande. Okonkwo aliipokea mizigo iliyoletwa na mikono hiyo, ila hakuipokea mikono yenyewe.

Basi uzito wa hoja yangu uko hapa: anayevunjika kwa urahisi si yule anayeonyesha ufa, bali ni yule anayeuficha. Kiswahili kinalijua jambo hili siku nyingi. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Litafakari neno "kilio". Ni sauti ya mtu anayelia, na pia ni msiba, matanga yenyewe. Methali inatuonya kwamba aliyekizuia kilio cha kwanza ataletewa cha pili, na hicho watalia wengine. Sijui methali inayomfaa Okonkwo kuliko hiyo.

Tunapaswa pia kutenganisha maneno tunayoyachanganya darasani. "Nguvu" ni neno pana. Lori lina nguvu, na fahali ana nguvu. "Ukakamavu" una maana ya kutolegea, na kitu kikakamavu hakipindiki kwa urahisi. Neno ambalo walimu wengi hulisahau ni "uthabiti", yaani hali ya kusimama imara mahali pako hata unapotikiswa. Okonkwo alikuwa na nguvu na ukakamavu kwa wingi. Ridhaa ana uthabiti. Jina la riwaya pia lina lake la kusema. Chozi na heri ni maneno ambayo ubao wangu wa zamani usingeyaruhusu yakae mstari mmoja, na Bi Matei ameyaunganisha kwa kihusishi kimoja kidogo.

Nilimwita mwandishi wa ile insha ofisini. Ni kijana mpole, mrefu, mwenye sauti ya chini. Nikamuuliza kwa nini anadhani kulia ni udhaifu.

"Lakini Prof, si mwanaume ni kujikaza?"

"Nani alikwambia hivyo, kijana wangu?"

Akanyamaza. Halafu akasema kwamba walipomzika mamake, yeye akiwa Kidato cha Pili, ami zake walimzunguka kaburini wakamwambia, "Jikaze kisabuni, wewe ndiye kifungua mimba. Ukilia, hawa wadogo watafanya nini?" Alijikaza. Anasema hajalia hadi leo.

Msemo huu wa "jikaze kisabuni" tunautumia kwa mzaha kila mahali, kuanzia matatuni hadi matangani. Sijui kama tumewahi kuitazama hiyo sabuni. Kipande cha sabuni hujikaza kweli, hakilalamiki, huwasafisha wengine asubuhi na jioni. Na kila siku huwa kidogo kuliko jana, hadi siku moja unatia mkono kwenye kisahani na hukioni.

Sikumpa mhadhara. Ningeanzia wapi, nami ni mmoja wa ami hao? Miaka mingi iliyopita tulipomzika mamangu, mwanangu wa kiume alikuwa na umri wa miaka tisa. Alimpenda nyanyake kupita kiasi. Udongo ulipoanza kuanguka juu ya jeneza, alipiga ukemi. Nikamshika bega nikamwambia, "Shh! Wewe ni mwanamume." Alinyamaza papo hapo. Watu walimsifu, nami nikajiona baba aliyefaulu. Miaka mingi baadaye alipopoteza kazi, mimi na mamake tulikuja kusikia miezi kadhaa baada ya tukio, tena kutoka kwa mkewe. Nilipomuuliza kwa nini hakutwambia, alinijibu kwa adabu, "Nilikuwa sawa, Baba." Nilimlaumu kwa usiri wake. Sikutambua kwamba alikuwa akitii.

Jioni ile baada ya mwanafunzi kuondoka nilimpigia mwanangu simu. Kama kawaida akaniambia yuko sawa. Nikamwambia mimi siko sawa sana, kwamba magoti yananisumbua, kwamba naogopa kidogo kustaafu, na kwamba siku hizi namkumbuka sana nyanyake. Kukawa kimya. Nilidhani laini imekatika. Kisha akasema, "Hata mimi namkumbuka." Tuliongea hadi salio likaisha, naye akapiga tena.

Walimu wenzangu mnaosoma safu hii, ninyi ndio mnaoshika chaki sasa. Mtakapowafunza wavulana wetu kuhusu wahusika, msiwaambie ni nani mwenye nguvu na nani dhaifu. Waulizeni maswali haya matatu: Mhusika huyu anaogopa nini? Alipoumia, alimwambia nani? Na wale waliomnyooshea mkono, aliwafanyaje? Okonkwo na Ridhaa wataanza kuonekana upya, na pengine mwanafunzi mmoja katika safu ya nyuma atajiona pia.

Ile insha sikuipa alama. Nilimrudishia mwenyewe nikamwomba aiandike tena, bila haraka. Nikampa pia nambari yangu ya simu, nikamwambia kwamba akitaka kuja kuzungumza kuhusu mamake badala ya Okonkwo, mlango uko wazi. Bado hajaja. Nimeuacha wazi.